Mabakuli ya udongo na mlo wa pamoja kuchangia wenye njaa: Malindi inawezekana?

BintBarani (mleta uzi)

Salaam wanajamvi, hasa wa Malindi, Mambrui na Watamu, na nyinyi wa Amu (Lamu) mliojazana humu.

Nina wazo, naomba mlichane mpendavyo. Mwaka 1990 huko Michigan, Marekani, mwalimu wa sanaa aitwaye John Hartom alitaka wanafunzi wake wachangie mfuko wa chakula. Badala ya kuzungusha bahasha, yeye na Lisa Blackburn wakawafinyangisha wanafunzi mabakuli. Watu wakaalikwa, wakapewa supu na mkate, wakatoa pesa. Wakati wa kuondoka kila mmoja akaambiwa bakuli ulilolia ni lako, nenda nalo nyumbani, ukiliona kabatini ukumbuke kuna mabakuli mengine hayana kitu. Jambo likaenea miji mingi kwa jina la Empty Bowls. Hakuna makao makuu yanayozoa pesa. Kila mji hufanya shughuli yake na pesa hubaki hapo hapo kwa wenye njaa wa hapo.

Nimeiwazia Malindi kwa sababu udongo tunao na wafinyanzi tunao, ukitoka mjini ukashika njia ya bara utaviona vyungu vyao. Na njaa nayo tunayo. Hatujasahau ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya maana, na Ganze na Magarini zikawa zinatajwa kwenye habari kila wiki.

Kikundi chetu cha kina mama kina masufuria, kina ua wa kuandalia na kina nguvu. Mpango ni huu: wafinyanzi watuchangie mabakuli, sisi tupike, watu wanunue tiketi, kitakachopatikana kiende kwa wenye shida. Nionyesheni panapovuja.

KijanaWaMaweni

Natandika mkeka hapa. Kukiwa na mbaazi na mahamri nihesabuni.

MwanaMfinyanzi

Dada BintBarani, wazo lina utamu wake lakini neno moja limenikwama kooni: "watuchangie".

Mamangu ni mfinyanzi, huku upande wa Magarini. Nitakueleza bakuli moja linavyopatikana halafu uamue mwenyewe kama ni kitu cha kuombwa bure.

Udongo wenyewe hauchotwi popote. Anauchimba bondeni, anaubeba kichwani, anauanika, anauponda, anauchekecha mawe na mizizi, kisha anauroweka. Halafu anauchanganya na mchanga au na gae la chungu cha zamani lililotwangwa, kwa sababu udongo mtupu ukikauka hujikunja na kupasuka. Gurudumu hana. Anaanza na donge, analididimiza kwa ngumi, anazunguka nalo yeye mwenyewe akiinama, ukuta unapanda kwa vidole, akiongeza mkunjo baada ya mkunjo. Mdomo wa bakuli anausawazisha kwa kitambaa kilicholowa. Likishika kidogo analisugua kwa kokoto laini mpaka ling'ae. Kokoto hiyo aliachiwa na nyanya, na mtoto yeyote wa nyumba ile anajua haiguswi.

Kisha chombo kinakaa kivulini, siyo juani, mpaka kikauke hadi ndani. Unyevu ukibakia, siku ya kuchoma yale maji hugeuka mvuke na chombo kinalia pa! katikati ya moto. Kikilia kimoja huvunja na jirani zake. Na moto wenyewe ni kuni na makuti, vitu ambavyo siku hizi vinanunuliwa.

Sasa linganisha. Mwalimu wa Michigan ana mshahara wake. Mwanafunzi wake analishwa na mzazi. Akitoa bakuli, ametoa cha ziada. Huku kwetu aliyefinyanga bakuli ndiye yule yule mwenye njaa unayemchangia. Ukimwambia akupe mabakuli mia bure, umemwomba masikini akusaidie kumsaidia masikini, na wewe katikati umepiga picha. Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nyinyi sasa hata hilo gae mnalitaka.

Mzee_wa_Jeti

MwanaMfinyanzi umenena. Pigilia hapo hapo.

Mimi nilialikwa kwenye hafla ya kuchangia wenye njaa katika hoteli moja ya ufuoni, siitaji. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, maua kila meza, mpiga ngoma, na kila mgeni akapewa mfuko wa zawadi. Mwisho tukatangaziwa kilichobaki baada ya kulipia vyote hivyo. Wallahi kamba niliowala peke yangu usiku ule walikaribia kiasi hicho. Njaa ikawa ndiyo imetualika sisi kwenye karamu.

BintBarani

Basi mabakuli yatanunuliwa, na jambo hilo lisirudi tena mezani. MwanaMfinyanzi, muulize mama bakuli la kutosha upawa mmoja na nusu wa mchuzi anaweza kulitoa kwa bei gani.

Na Mzee, hapa hakuna hoteli. Ni ua, mikeka na kivuli cha mkwaju.

MwanaMfinyanzi

Nimempigia. Saizi hiyo anasema shilingi 150, na nusu ya pesa itangulie, kwa sababu akikaa kufinyanga mabakuli yenu hafinyangi vyungu vya sokoni. Mkitaka mia, agizeni 130. Mengine yatapasuka motoni, mengine njiani kwenye bodaboda. Yakipona yote basi bahati yenu, ziada mtauza yenyewe siku hiyo.

Jambo jingine, msimwagizie wakati wa masika. Hewa ikiwa nzito udongo haukauki. Kaskazi ndiyo saa yake, upepo mkavu, chombo kinaiva sawasawa.

MwanaAmu

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Amu, mniwie radhi nikileta ya kwetu.

Kwetu shughuli ikiwa ya arusi au ya maulidi, watu hukaa kwenye sinia. Wanne au watano, sinia moja, wali katikati, kila mtu anakula upande wake na mkubwa anamsogezea mdogo kipande cha nyama. Aliyeshiba sana na aliyekuja na njaa wamekaa pamoja na hakuna awajuaye. Hivi vya kila mtu na bakuli lake mkononi amesimama naye naona kama vya watu wasiojuana. Nawapa rai: wali uwe kwenye sinia, bakuli liwe la mchuzi. Bakuli mtu ataondoka nalo, sinia litabaki la wote.

Na wale wenye njaa wenyewe mmewaweka wapi? Wasiwe wa kuja kupokea gunia mbele ya kamera. Waalikeni. Tiketi zao zifanane na za waliolipa, zigawiwe kimya kimya kupitia watu wanaowajua mtaani. Akae kwenye sinia kama mgeni yeyote.

La tatu, msiwaambie watu walete zaka. Zaka ina watu wake wa aina nane, wametajwa kwenye Sura ya Tawba aya ya 60. Mwenye uwezo akija akala mbaazi zilizopikwa kwa pesa ya zaka amekula haki ya mtu. Iteni sadaka, iteni mchango, mtasalimika.

MamaTatu_wa_Muyeye

MwanaAmu, hapo pa sinia sikubaliani nawe kabisa. Malindi tuko mchanganyiko, kuna Mgiriama, kuna Mbajuni, kuna Mkikuyu mwenye duka, kuna Mwitaliano aliyestaafu. Wengine hawajawahi kula sinia moja na mtu wasiyemjua, wataona haya na watatoka hawajashiba. Bakuli halimwonei mtu.

MwanaAmu

Bibie, wataona haya dakika tano. Njaa ikiuma na wali wa nazi ukinukia haya itajiondokea yenyewe.

MpishiShughuli

Naona mmesahau kuniuliza mimi nitakayesimama na moshi.

Mimi napika shughuli, mia ni watu wa kawaida. Msiniletee pweza wala kamba, bei yake itakula mchango wote. Samaki ana miiba, na mtu anayekula huku akizungumza na mgeni mwenzake atakabwa. Mbaazi za nazi ndizo. Mbaazi kavu kilo tisa au kumi zinatosha watu mia pamoja na wali, mradi zirowekwe usiku kucha. Zichemshwe na tui jepesi kwanza, kitunguu, pilipili mbichi na manjano kidogo. Tui zito linaingia mwisho na hapo hauondoki jikoni, ukiacha kukoroga linakatika na sufuria zima linakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Mchicha pembeni. Ukijumlisha wali, nazi na kuni zote, kwa bei za soko la leo mtu mmoja namweka kwa 120. Ukinibana nitashuka lakini mtakula mawe.

Kuhusu bakuli: hakikisheni kitako chake ni kipana. Bakuli la kitako chembamba kwenye mkeka linapinduka, na mbaazi za moto zikimwagika mapajani hakuna atakayekumbuka habari ya njaa.

Na siku nyingine mfanye futari. Shurba ya Amu kwenye bakuli la udongo, hapo hata mimi nitalipa tiketi.

NesiWaZamu

Jamani kabla hamjala kwenye mabakuli hayo.

Kuna wauzaji hupaka vyungu vanishi au rangi ya mafuta ving'ae vivutie watalii. Hivyo ni vya kuwekea maua. Mtu asikupakulie chakula humo. Na mkitaka kufanya ujanja wa kuyapaka ile dawa ya kung'arisha kama sahani za dukani, ulizeni kwanza ina nini. Baadhi zina madini ya risasi (lead), na kwenye chombo kilichochomwa kwa moto mdogo wa kuni hiyo risasi haijifungi vizuri. Chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya huinyonya na mtu akaila. Mtoto ndiye huumia zaidi, huathirika ubongo.

Bakuli la mama lisilopakwa kitu ni salama zaidi, ila linanyonya mchuzi kwa sababu lina vitundu vidogo vidogo. Dawa yake inajulikana: mara ya kwanza libandike na uji moto mdogo, ule wanga huziba vile vitundu. Kisha lioshwe, likauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo litafanya ukungu. Andikeni maelezo haya kwenye kikaratasi, kila mtu aondoke nacho. Na maji ya kunawa yawe ya kumiminiwa, siyo beseni moja la watu mia.

MwanaMfinyanzi

Kweli kabisa Nesi. Nyumbani chungu kipya hakipikiwi mboga kabla hakijapikiwa uji, na uji wenyewe wa kwanza tunaumwaga.

MtembeziGedi

Nami nipenyeze kidogo. Watu wa pwani hii na bakuli wametoka mbali. Nendeni Mambrui mkaone lile kaburi la nguzo lilivyopachikwa mabakuli ya Kichina. Amu, kwenye nyumba za mawe, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilipambwa kwa hayo hayo. Na kwenye magofu ya Gedi, tangu mwanaakiolojia James Kirkman aanze kuchimba mwaka 1948, vipande vya kaure, yaani vyombo vya Kichina, vimetoka vingi, na ndivyo watu wanavyopenda kupigia picha.

Lakini pale Gedi, na kwenye magofu ya Shanga na Manda kule upande wa Amu pia, vigae vingi zaidi kwa mbali siyo vya China. Ni vya udongo wa hapa hapa, vyungu vya kupikia na mitungi, vya Shanga vingine vina miaka zaidi ya elfu moja. Kaure ilipanda juu ya kaburi, wali ukapikwa kwenye chungu cha mama mmoja ambaye hakuna anayemtaja. MwanaMfinyanzi mwambie mama siku hiyo mabakuli yake yapigwe alama yake chini kwa ukucha au kijiti kabla hayajakauka.

Mzee_wa_Jeti

Alama ndiyo. Na bei iandikwe ukutani: hii ya mfinyanzi, hii ya chakula, hii ya mchango.

RaiaMkali

Sitaki kuharibu shughuli ya watu. Ila Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haki, siyo hisani. Kila tukipika mbaazi na kuchangishana, walio na wajibu huo wanapumua. Hizo bajeti za kaunti mnazisoma lini?

BintBarani

Nazisoma, kaka. Vikao vya maoni ya umma nahudhuria, na nikiuliza swali naambiwa muda umekwisha. Mtoto wa darasa la pili huko Magarini hatangoji mimi na wewe tumalize kesi. Njoo tule, uwaeleze watu kifungu cha 43 kabla ya wali kufika, maana baada ya hapo hakuna atakayesikiliza. Nakupa dakika kumi.

RaiaMkali

Nimekubali. Kumi na tano.

MkulimaWaMarafa

Hamjasema pesa itafanya nini. Hapo ndipo michango mingi inapozama.

Mkitaka ushauri wa mkulima: msinunue unga wa pakiti mkagawa siku moja watu wakapiga foleni. Unga wa pakiti mbili mtu mwenye watoto sita anaumaliza kabla picha zenu hazijakauka. Nunueni mahindi na maharagwe wakati wa mavuno, mahindi ya masika yakitoka shambani mwezi wa Agosti hivi, bei ikiwa chini, nunueni kwa wakulima wa huku huku. Wekeni kwenye stoo ya shule. Ikifika miezi ya mwanzo wa mwaka, gala za watu zikiwa tupu na bei imepaa, shule inapika. Mtoto anakula pale pale na anabaki darasani, na hakuna anayeuza msaada sokoni.

Lakini mahindi yakauke. Unyevu usizidi asilimia 13.5, mkaupime kwa mashine, siyo kwa kuyatafuna. Mahindi mabichi yakifungiwa gunia huota kuvu, kuvu huleta sumu ya aflatoksini, na hiyo haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Msije mkakusanya mchango mkawalisha watoto sumu. Tumieni yale magunia yasiyopitisha hewa na myapange juu ya mbao, mbali na ukuta.

MamaTatu_wa_Muyeye

Na bibi mzee asiye na mtoto shuleni je?

MkulimaWaMarafa

Huyo mtumie pesa kwenye simu, anajua anachokosa kuliko sisi. Wenye hali hiyo wawe wachache na wajulikane na wazee wa kijiji wawili, siyo mmoja. Mmoja ataandika shangazi zake.

BintBarani

Nimepiga hesabu, nisahihishwe. Tiketi 600, watu 100 wa kulipa, ni 60,000. Mabakuli 130 kwa 150 ni 19,500. Chakula 120 kwa watu 100 ni 12,000. Hapo imetoka 31,500, imebaki 28,500. Wageni wa tiketi za kimya kimya tuseme 20, chakula chao 2,400, na mabakuli yao yanatoka kwenye ile ziada ya 30. Inabaki 26,100. Usafiri na sabuni kikundi kinabeba. Mzee, hiyo ndiyo ya kuandikwa ukutani.

Mchango wa hadhara unataka kibali, kwa hiyo wiki hii mwenyekiti wetu anapita ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuuliza taratibu. Risiti za mahindi nitazibandika kwenye uzi huu.

Mzee_wa_Jeti

26,100 kwa jasho la watu wengi hivyo. Siyo pesa nyingi.

MwanaMfinyanzi

Mzee, umesahau ile 19,500. Hiyo nayo imeingia kwenye nyumba yenye njaa, na imeingia kama malipo. Mama anafinyanga na dada zake wawili, watagawana. Mimi naihesabu upande huo huo.

Mzee_wa_Jeti

Hapo umenifunga mdomo. Basi 45,600.

MwanaAmu

Na sinia?

BintBarani

Masinia kumi ya wali yatakuwepo, shekhe. Atakayetaka kupakuliwa wali peke yake kwenye sahani ya plastiki sahani zitakuwepo pia. Wewe kaa kwenye sinia la MamaTatu mkamalizane.

MamaTatu_wa_Muyeye

Namngoja.

MwanaMfinyanzi

Mama amepokea nusu, 9,750. Jumatatu anashuka bondeni kuchimba. Ila ana sharti: hataki kuambiwa "upawa mmoja na nusu" kwa simu, pawa za watu hazilingani. Anataka mpishi aje mwenyewe na upawa wake, mama afinyange bakuli la kwanza akipimia humo, likikubaliwa ndipo aendelee na mengine.

MpishiShughuli

Nakuja Jumamosi. Upawa wangu ni wa kifuu, mkubwa, nimeurithi kwa mama mkwe. Mwambieni asiushangae, na aniwekee maji ya kunywa ya mtungini.